Boti Isiyokuwa na Kasoro

Jumamosi, Februari. Jua la leo lilikuwa lile la kaskazi, linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Sasa ni jioni, upepo umetulia, na nyumba yetu hapa Kilifi ina kimya nisichokipenda. Kahindi yuko nje anaosha gari ambalo halina uchafu. Hajanisemesha tangu tupite Msabaha, njiani tukirudi.

Leo tulikwenda Malindi kununua boti. Hatukununua.

Acha niandike yalivyokuwa, maana nikilala nayo yatanikaba.

Mimi ni mtu wa Kitui. Maji niliyokulia nayo yalikuwa ya mtungi, tena ya kuyafuata mbali. Bahari niliipata pamoja na mume. Kahindi ni Mgiriama, mpishi katika hoteli moja kule Bofa, na tangu tuoane ana hamu moja isiyochoka: boti ndogo ya familia, yenye mashine nzuri na turubai la kivuli, ya kutuvusha Jumapili hadi kwa mama yake, ng'ambo ya mkono wa bahari. Watoto wameshaipa boti hiyo majina mengi. Hata mimi, ninayeogopa maji yakipita magoti, nimeshajiona nimekaa ndani yake na kapu la chakula miguuni.

Kazi yangu ni kupokea mizigo katika duka kubwa hapa mjini. Lori likifika, mimi ndiye ninayefungua katoni. Nimeshaona tunda zuri limepangwa juu na lililooza likafichwa chini, na aliyelileta anatabasamu kama bwana harusi. Basi nimezoea kutoamini safu ya juu. Kahindi akiwa na furaha huniita Inspekta.

Leo hakuniita hivyo.

Boti yenyewe alisikia habari zake kazini. Wiki iliyopita alikwenda kuiona peke yake, akarudi macho yanameta. Akasema mwenye boti ni mtu mzima wa heshima, Bwana Faraji, na boti iko nyuma ya nyumba yake, karibu na ufuo. Na bei ni nafuu, akasema.

Hiyo nafuu ndiyo iliyonikosesha raha wiki nzima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ilikuwa inajitembeza hadi Bofa.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia tulipofika.

"Marahaba, wanangu. Karibuni sana. Mwatoka Kilifi na jua hili? Hebu kaeni kwanza, mnywe kitu."

Watu wa Malindi wana adabu ambayo sisi wa bara hutufanya tushike mikoba yetu vizuri. Najua ni kosa langu, si lao. Mkewe, Bi Khadija, alituletea maji ya ndimu, akaweka bilauri mezani, akaondoka bila kuinua macho. Hilo nililiona. Nikajiambia, ni stara yake tu, Mwende, usianze.

Nilianza.

Boti ilikuwa juu ya trela, kando ya nguzo ya saruji, imeoshwa inang'aa. Kwanza niliweka kiganja juu ya mashine. Nilikuwa nimesoma kwamba wauzaji wajanja huiwasha mapema ikapata moto, ili mteja akifika iwake bila taabu. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Nikapanda ndani, nikaigonga sakafu kwa ngumi kutoka mbele hadi nyuma, maana faiba, ile plastiki ngumu ya boti, ikioza kwa ndani hubadilisha sauti, ikawa kama tikiti bovu. Haikubadilika popote. Nikanusa mpira wa petroli. Nikavuta nyaya. Nikainama kutazama skrubu zinazoshika mashine, nikitafuta kutu, au ufa uliozibwa na rangi mpya.

"Mama Kadzo," Kahindi alinong'ona, "unatuaibisha."

Mzee alicheka. "Mwache akague. Mwenye macho haambiwi tazama."

Nikamwuliza kwa nini anauza. Akaushika mgongo wake. Kuisukuma hadi majini, alisema, mwili haukubali tena. Nikaona ni jibu la haki.

Tukaishusha majini. Mashine iliwaka mara ya kwanza. Mzee akampa Kahindi usukani, nami nikashika ubao wa kiti kwa mikono miwili na kumwomba Mungu kwa Kikamba. Lakini nilimtazama mume wangu. Uso ule sijauona tangu binti yetu Kadzo azaliwe. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa viatu vilivyombana kwa miaka.

Tulipokuwa mbali kidogo na ufuo, nikamsikia mzee akimwambia kwamba anataka kufungua duka la vipuri, ndiyo maana anauza.

Mgongo, kisha duka. Sababu mbili. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili, ni kweli. Lakini kwa nini mimi nipewe hii, na yeye ile?

Tuliporudi nilifunua ubao wa chini kuona kama kuna maji yaliyopenya. Pakavu. Nilipitisha hata vidole, vikatoka na vumbi. Boti haikuwa na kasoro hata moja, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli. Kama ningepata ufa, ningeomba bei ipunguzwe, tucheke, twende nyumbani na boti yetu. Sasa nilikuwa na kitu kizima, kinachouzwa rahisi, na mtu mwenye sababu mbili.

Nikaenda nyuma ya tangi la maji kunawa miguu mchanga. Pale chini, karibu na bomba, palikuwa na mnyororo mnene umekunjwa, ule wa kufungia trela kwenye nguzo. Ulikuwa na makufuli mawili. Moja lilikuwa wazi, ufunguo ungali ndani. La pili lilikuwa limekatwa kwa msumeno, na pale lilipokatwa chuma kilimeta kama fedha. Chumvi ya Malindi haiachi chuma kimete hivyo kwa muda. Lilikuwa limekatwa leo, au jana.

Niliyabeba makufuli yote mawili hadi barazani. Kahindi alikuwa ameshaanza kuzungumza na mzee habari za kuileta Kilifi.

"Mzee, hili kufuli lilikatwa lini?"

"Ah, ufunguo wake ulipotea."

"Na hili jingine lina ufunguo?"

"Hilo ndilo langu," akasema.

Alilisema haraka, kisha akaushika ukingo wa meza, kama mtu aliyekanyaga pasipo na ngazi.

"Na hili lililokatwa ni la nani?"

Kahindi alitazama baharini. Nilidhani ni aibu.

"Binti," mzee alisema, na ule upole ulikuwa umemtoka, "umekunywa maji nyumbani kwangu. Waniita mwizi?"

"Sijakuita, mzee. Nimeuliza kufuli ni la nani."

"Mwende, basi!" Kahindi akasema. Huniita Mwende akikasirika tu.

Hapo ndipo Bi Khadija alipotokea mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Safari hii macho yake yalikuwa juu.

"Ni la wifi yangu," alisema. "Waambie, Faraji. Ama nimwite aseme mwenyewe?"

"Khadija, ingia ndani."

Hakuingia. Alitoa simu, akapiga mbele yetu sote. "Wifi, njoo. Hapa pana wageni wa boti."

Sijawahi kukaa mahali pazito kama pale tulipokuwa tukingoja. Mzee alipangusa meza iliyokuwa safi. Mimi nilitamani kuondoka, na wakati huohuo nilijua siondoki.

Bi Saumu anakaa mtaa wa nyuma. Alifika na buibui lake, unga bado uko kwenye vidole. Ni dada mkubwa wa mzee, mwembamba, mrefu kama yeye. Alituamkia sisi kwanza, akauliza habari za Kilifi, akauliza kama tumepewa chochote cha kunywa. Kisha akaliona kufuli mkononi mwangu. Akalichukua, akaligeuza, akaliweka mezani taratibu.

Mambo yakajulikana. Boti waliinunua wawili, kaka na dada. "Bangili zangu za harusi zimo ndani ya mashine ile," alituambia. Walikubaliana kila mmoja aweke kufuli lake, ili asiwepo wa kuitoa bila mwenzake. Kwa miaka iliwatembeza watoto wao na wajukuu. Kisha wakanuniana kwa jambo ambalo hatukuambiwa wala hatukuuliza, na boti ikakaa nguzoni, imefungwa na wote wawili.

"Ungeniuliza, Faraji."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kwani makufuli mawili tuliyaweka ya nini?"

"Nusu yako ningekuletea, Saumu. Wallahi ningekuletea yote hadi ya mwisho."

"Najua ungeleta." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lakini mimi ningepita hapa asubuhi nikute nguzo tupu. Ungeniambia nini? Kwamba ufunguo ulipotea?"

Mzee alishuka barazani akaketi kwenye trela, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Nilimwamini, hilo ndilo lililoniuma. Niliamini kwamba angempelekea nusu yake. Siku nzima nilikuwa nikimtafuta tapeli, na aliyekuwa mbele yangu ni mtu aliyeshindwa kubisha mlango wa dada yake.

Bi Saumu akatugeukia. "Tuwieni radhi kwa safari, wanangu. Boti haiuzwi."

Akamwomba Bi Khadija kufuli la lango. Akauburuta mnyororo mwenyewe, akaupitisha kwenye gurudumu. Ulipokwama kwenye mguu wa kaka yake, alisimama, akangoja. Mzee akaondoa mguu.

Tuliaga. Hakuna aliyetuzuia.

Njiani nilijaribu kumfariji Kahindi. Nilimwambia boti zipo nyingi, Mtwapa zipo, hata hapa Kilifi zipo. Nilimwambia afadhali tumejua mapema kuliko Bi Saumu kutufuata na polisi. Alikuwa anaendesha huku amekaza taya. Tulipofika Msabaha akasema, bila kunitazama:

"Ungeliacha lile kufuli lilipokuwa, sasa hivi tungekuwa na boti."

"Boti ya mtu, Kahindi."

"Angepewa nusu yake. Si umesikia? Faraji alishaniambia wiki iliyopita."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Alikwambia nini wiki iliyopita?"

Alibadilisha gia.

"Makufuli yalikuwa mawili, yote mazima. Nilimwuliza la pili ni la nani. Akasema ni la dada yake, wamekosana, nusu yake atampelekea, niachie yeye."

"Ukamwachia?"

"Nikamwachia. Ugomvi wa ndugu si wetu, Mwende."



Kwa hiyo alijua. Nilipokuwa nimepiga magoti nikigonga sakafu, nikinusa petroli kama mbwa, yeye alikuwa amesimama nyuma yangu akijua ni wapi pa kutazama. Na alipogeuza uso kuelekea baharini, haikuwa aibu ya kuwa na mke msumbufu.

Nimejaribu kumchukia jioni hii, sijaweza. Si mtu mbaya. Aliitaka sana. Aliitaka kwa ajili ya mama yake, kwa ajili ya watoto, pengine hata kwa ajili yangu, na mtu akitaka kitu hivyo hujifunza kutouliza. Nami je, kama nisingeenda kunawa miguu? Ningepanda boti ile kila Jumapili, nikiisifu.

Lakini tumejenga nyumba hii pamoja. Shamba dogo la kule kwao tulilinunua pamoja. Vitu vingi vyetu vina mikono yetu sote wawili, na sijawahi kufikiria kuvitazama kwa jicho la kazini.

Sitaki kuanza kuvitazama hivyo. Ndiyo maana nitamuuliza leoleo, kabla ya kupakua chakula, kwa sauti ya kawaida, bila kumwita kwa jina la hasira. Siku ikifika akatamani kitu hivi tena, na mimi ndiye wa kukataa, je, ataniuliza?

Nasikia amefunga bomba. Anakuja.