Dagaa wa Bi Zaituni na hakimu wa Kichina

Jumapili, Ujiji. Mawingu yamekaa juu ya milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, tangu asubuhi, na mvua hainyeshi. Nimefua, nimedeki, vyombo nimevipanga mara mbili. Situlii.

Niseme tu. Nimemwonea mtu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Sheria yetu kila mtu anaijua: dagaa wanaanikwa juu ya chanja, ile meza ya miti, kwa zamu, siyo mchangani. Ukikamatwa, dagaa wako wanamwagwa ziwani, na kikao kinaamua kama utabaki kikundini. Alhamisi nilimkuta Bi Zaituni, mjane wa umri wa mama yangu, kawatandaza wake mchangani juu ya kipande cha wavu mkuukuu. Nilipaza sauti makusudi ili wote wasikie. Nikawazoa kwa mikono yangu, nikajaza beseni, nikamwaga.

Hakubishana. Alisema, "Katibu ni wewe, mwanangu. Ukisema nimekosa, nimekosa."

Nilichonyamaza ni hiki: siku ile zamu ya chanja ilikuwa yake. Asubuhi zamu hiyo nilimpa wifi yangu, dada wa mume wangu, ninayekaa naye ua mmoja, kwa sababu alikuwa na mzigo mkubwa na mimi sikutaka maneno nyumbani. Bi Zaituni nikamwambia asubiri kidogo. Akasubiri mpaka saa sita, dagaa wakaanza kulainika. Angefanyaje? Mimi ningeanika hata juu ya bati la jirani.

Jana, kwa kuwa ni siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na mitumbwi haitoki, watu walijaa banda la video tangu mchana. Nikaenda nami, nikidhani nitasahau. Wapi. Ilikuwa filamu ya Kichina, mtafsiri akiisimulia palepale kwa Kiswahili, ya hakimu anayemsikiliza mwizi wa mpunga. Anauliza, anachimba, mwisho inafichuka kwamba ghala lilifungwa wakati wa njaa na ndugu wa hakimu mwenyewe, na hakimu alijua. Akashuka kitini, akaenda kusimama palepale aliposimama mwizi.

Banda zima lilimcheka. Mimi sikucheka.

Mtafsiri, kama kawaida yake, alisimamisha picha atueleze. Alisema hayo ni mafundisho ya Kikonfusio, ya mwalimu wa kale wa China: kiongozi hujinyoosha yeye kwanza, ndipo awanyooshe wengine, na cheo bila utu ni kelele tu. Ukitawala kwa kuogopwa, watu watajificha, hawatatengenea. Jamaa mmoja akapiga ukelele aendelee na picha, tumelipia mapigano.

Nilitaka kujitetea hata pale gizani. Kwani sheria si sheria? Kila mtu akiamua kuanika mchangani nani atanunua dagaa wetu wenye michanga? Bado naamini sheria ile ni nzuri. Lakini hakimu yule hakuifuta sheria ya wizi, na hilo ndilo linalonikera. Aliiacha ilivyo, akajiingiza na yeye ndani yake.

Leo mchana nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Bi Zaituni, nikapiga goti, shikamoo, nikamweleza yote: zamu, wifi, woga wangu. Nikamwomba radhi, nikamwahidi kwamba kesho kwenye kikao nitatafuta namna ya kumtetea, nitasema ni mtu mzima, tumsamehe. Nikajihisi mwepesi, nikaanza hata kutabasamu. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho haraka.

"Zamu yangu naijua, mama. Nilikuwa nakungoja wewe useme," alisema. "Sasa umekuja kuniomba radhi uani kwangu. Dagaa ulinimwagia uani?"

Nikainuka. Nimerudi nyumbani kwa miguu, bodaboda wananiita sisikii.

Tangu saa kumi natembea chumbani. Wataninyang'anya ukatibu, sawa. Wifi je? Mume wangu je, akishasikia dada yake katajwa mbele ya mwalo mzima? Nilikuwa nimetafuta msamaha wa bei rahisi, na nikaiita huruma.

Nimetoa karatasi ya ajenda ya kesho. Palipoandikwa makosa ya Bi Zaituni nimekata kwa mstari, nikaandika makosa ya katibu, na jina langu kamili.

Wifi ameingia kuomba chumvi. Amesoma juu ya bega langu, akatoka bila chumvi.