Kabichi Langoni pa Kambi

Seoul, Novemba

Dada Gyeong-ja,

Sisi hatujambo, ila baridi imetuwahi. Tangu wanajeshi wa Kimarekani wahamishwe kutoka kambi ya Yongsan mtaa umepooza; hata fundi viatu wetu kafunga.

Juzi Mama aliagiza kabichi za kuchachusha kimchi ya majira ya baridi, lori zima kama zamani. Unakumbuka askari walivyokuwa wakitoka kambini kila mwaka kutusaidia kuzipaka pilipili, kisha tunawagawia wazee wa mtaa? Jana asubuhi nilimkuta Mama langoni pa kambi, kavaa glavu za mpira, anagonga.

"Mama, twende nyumbani. Kambi imefungwa."

"Hebu niache! Hao hata mwaka jana walichelewa."

Mwaka jana hawakuja, dada. Tulipaka wenyewe, mimi na yeye.

Nilipomshika mkono, alinitazama, uso wake ukalainika. Akatoa mfukoni glavu nyingine, akanipa kwa mikono miwili kama anavyompa mgeni.

"Asante kwa kuja kutusaidia, binti. Mimi nina wasichana wawili, lakini wako mbali."

Nikazivaa. Ningefanyaje?

Njoo, dada, kabla hajaanza kukushukuru na wewe.

Mdogo wako,
Mi-suk