Saba badala ya nane

Jumanne

Bado naamini kwamba saba si kosa.

Mwalimu aliandika ubaoni 1, 2, 4, akauliza namba inayofuata. Tangu tuhame Njombe sijawahi kunyoosha mkono katika shule hii ya Makambako. Leo nikanyoosha, nikasema saba. Darasa zima likacheka.

"Profesa wa Njombe huyo," Baraka akasema.

Mwalimu akasema ni nane, kila namba inazidishwa kwa mbili. Nikakaa. Sikueleza kwamba mimi niliongeza moja, kisha mbili, kisha tatu. Rafiki yangu Neema angeniuliza, lakini Neema amebaki Njombe.

Jioni ilikuwa zamu yangu na Baraka kufagia darasa. Akaegemea ufagio.

"Profesa, ile saba uliitoa wapi?"

Nikamwandikia sakafuni kwa chaki. Akazifuata namba kwa kidole.

"Kumbe. Basi inayofuata ni kumi na moja."

Halafu wenzake wakamwita, akaenda. Hakunisubiri. Naogopa kesho atanicheka tena kama wengine.

Nilimaliza kufagia peke yangu, darasa lote isipokuwa pale penye namba.