Ncha ya Noti Ndani ya Ingata

Jumatatu, 3 Mei 1999

Unga umepepetwa. Mabeseni mawili. Maharagwe yako motoni, naandika nikiyangoja. Meza haina nafasi. Makaratasi ya Claudine kila mahali, hata juu ya chumvi. Mujukuu wangu ana miaka kumi na tisa na kufuta meza hajui.

Shule yao ya kuchora, kule juu karibu na Mutanga, itafanya maonyesho. Habari yenyewe ni pesa. Kila mwanafunzi atatengeneza kitu juu ya pesa. Lakini kwanza wanatafuta alama moja ya maonyesho yote. Itakaa mulangoni, kwenye kadi za mwaliko, kwenye afishi za ukutani. Mutu akiiona tu, ajue. Mwalimu atachagua moja. Na mwenye kuchaguliwa, kiwanda kimoja cha kuchapa huko Quartier Industriel kitamuchukua. Kazi ya kweli, ya mushahara. Claudine anaitaka hata chakula hakimushuki.

Amechora sarafu. Amechora mukono umefumbata. Nimemuambia mukono huo una baridi yabisi. Amechora ng'ombe. Hapo nikacheka. Hapa kwetu ukisema mali, kila mutu anachora ng'ombe, hata yule ambaye hajakamua siku moja. Akanuna. Anune.

Jumatano, 5 Mei

Mutoto ameniuliza leo: Nyogokuru, bibi yangu, kwako pesa ni nini?

Swali la kijinga. Lakini hakuna mutu aliyeniuliza kitu shuleni wala nje ya shule tangu masista waliponifundisha kuandika, miaka mitatu tu, halafu baba akasema inatosha. Nikafurahi. Naandika ukweli, nilifurahi vibaya.

Nikachukua ingata yangu, kile kiduara cha majani makavu ya migomba tunachoweka kichwani chini ya muzigo. Nikamuambia, ipime. Akaigeuza, akainusa. Haoni kitu. Nikaifungua suko moja, la pili, la tatu. Ndani kabisa, noti. Imezungushwa nyembamba kama kijiti cha kiberiti, imesokotwa pamoja na jani. Akapiga makofi.

Nikamueleza yote. Kwamba pale kwenye kona, kabla ya kufika mjini kutoka huku Kinama, kuko wenye bunduki. Wa nani, sijui, na sitaki kujua. Wanatusimamisha. Wanafungua pindo za pagne, vitenge tulivyojifunga, wanatazama chini ya watoto mgongoni, wanatuvua viatu, mutu mwingine walimufungua hata mudomo. Ingata hawaigusi. Ni takataka. Mwaka jana mumoja aliipiga yangu teke ikaenda kwenye majani, na mapato ya juma zima yakiwa ndani. Nikainama nikaiokota polepole, nikikohoa kama muzee. Wanawake wote wa njia hii wanafanya hivyo. Wanaume hawajui. Hata marehemu mume wangu hakujua.

Na mi nimemuambia mutoto. Kwa sababu aliniuliza vizuri.

Jumamosi, 8 Mei

Nimevaa pagne ya kanisa, nimekaa wima kwenye kiti, anichore. Akasema apana Nyogokuru, we pumzika, nataka ingata tu.

Ingata tu! Nimekaa hivyo hivyo mpaka alipomaliza, makusudi.

Jumanne, 11 Mei

Yake imechaguliwa! Darasa zima, yake. Hata ya kijana mumoja mwenzake, aliyechora ng'ombe, imeshindwa, na baba yake ana gari.

Sokoni nimesema mpaka koo limekauka. Perpetua, ambaye natembea naye njia hii tangu binti zetu walipokuwa hai, alisema hongera, sasa tupangie unga wako vizuri, unamwagika. Mama Zawadi wa Uvira akasema, bibi leo anatembea kama mama wa askofu. Acha waseme. Sikuuliza hata alama yenyewe iko namna gani. Nilijua ni ingata. Ingata ni ingata.

Ijumaa, 14 Mei

Ameleta karatasi moja nyumbani kunionyesha. Wanazichapa wenyewe shuleni: kitambaa cha pazia kimevutwa kwenye mbao, wino unasukumwa kwa mpira, unatoka upande wa pili. Wino wao ni wa rangi mbili tu, nyeusi na ya machungwa. Karatasi ni kaki, ya kufungia mizigo, walipewa na ghala moja.

Ni nzuri. Lazima niandike hivyo. Duara nyeusi, jani juu ya jani, unaweza kulisikia likikwaruza. Ukitazama mbali ni sarafu. Ukitazama karibu ni ingata.

Na katikati ya masuko, ya rangi ya machungwa, inachungulia ncha ya noti.

Nimeiweka karatasi mezani.

Akasema, unaona Nyogokuru? Mutu yeyote anaelewa palepale. Nikamuambia ndiyo, we mupumbavu, yeyote. Yule wa kona pia ana macho. Akasema ni sanaa. Nikasema sanaa itatembea na muzigo kichwani kesho asubuhi? Akasema, mbona ulinionyesha? Nikanyanyua mwiko. Sikumupiga. Nikaurudisha chunguni.

Afishi arobaini ziko kwenye kamba zinakauka. Jumatano zinabandikwa: ukuta wa soko, kituo cha mabasi, kila mahali.

Mbona nilimuonyesha.

Jumamosi, 15 Mei

Sikuenda sokoni. Nimesema goti. Goti ni zima.

Perpetua amepita na kikapu, ameniita kutoka njiani, pole na goti. Ingata iko kichwani kwake. Nimemutazama mpaka akapotea. Nilitaka kumuita, mudomo ukakataa. Kumuambia ni kumuambia kwamba ni mi niliyesema. Mi ambaye miaka yote nawagombeza wasichana wa njia hii: fungeni mudomo, fungeni mudomo.

Nimefagia uwanja mara tatu. Kuku amenikimbia.

Jumapili, 16 Mei

Kanisani sikusikia neno. Claudine amekaa benchi lingine.

Wakati wa kula ameongea kidogo. Anasema hawezi kuitoa ile ncha. Mwalimu aliichagua kwa sababu ya ncha hiyo. Bila ncha ni majani tu. Akiharibu, alama inakuwa ya ng'ombe, na kazi ya kiwandani inakwenda na ng'ombe. Anasema, Nyogokuru, unataka nibebe unga mpaka nife?

Kama mi ninavyobeba. Hakusema hivyo. Nilisikia.

Jumatatu, 17 Mei

Nimewaambia wanawake watatu ninaotembea nao. Pale kwenye mashine ya kusaga, kabla ya kufunga safari. Nimesema yote, na kwamba ni mi.

Mama Zawadi alicheka kwanza, akidhani ni mchezo. Halafu akasema, we bibi, kinywa chako ni soko, hakina siku ya kufunga. Haki yake. Akaendelea kunitukana kwa kibembe cha kwao, nusu sikuelewa, nikashukuru.

Perpetua alinisogelea. Akashusha kikapu. Akavua ingata, akaifumua yote pale pale mbele yangu, suko kwa suko, akatoa kilichokuwa ndani, majani akayatupa chini ya mashine. Hakunitazama. Angenipiga ingekuwa afadhali.

Tumetafuta mahali pengine pa kuficha. Tumepata. Sitapaandika hapa. Hata daftari ina macho.

Lakini sisi ni wanne. Wale wa njia ya Gatumba? Wale wanaoshuka na mukaa kutoka milimani? Nani atawaambia? Miguu yangu haifiki huko kwa siku mbili.

Jumanne, 18 Mei

Nimekwenda shuleni. Pagne ya kanisa. Kilima kile cha Mutanga kimeniua.

Mwalimu ni kijana mwembamba wa miwani. Amenisalimia kwa kifaransa, nimemujibu kwa kiswahili, akabadili lugha, sawa. Ana adabu. Alinipa kiti. Nikamueleza kona, bunduki, viatu, mudomo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, mama, ndiyo maana ina nguvu.

Nikamuuliza, nguvu ya nani?

Akasema karatasi zimekwisha, wino umekwisha, kesho ni kubandika. Akasema watu hao wa kona hawatazami afishi. Nikamuambia mwanangu, wanakaa njiani kutwa bila kazi, watatazama nini kingine?

Claudine alikuwa amesimama karibu na kamba, anatazama viatu vyake. Nilijua amenichukia. Bibi wa kijijini amekuja kumuaibisha mbele ya wenzake. Na yule wa ng'ombe alikuwa hapo, amejifanya ananoa kalamu.

Halafu mutoto akachukua kopo la wino mweusi, lililobaki chini chini. Akachukua burashi. Akaenda kwenye afishi ya kwanza, akaifuta ncha. Akaenda ya pili. Mwalimu akasema, Claudine, ukiendelea, alama si yako tena, unajua. Akasema, najua, mwalimu. Sauti ilikuwa ndogo. Akaenda ya tatu.

Nikaomba burashi. Sijashika burashi maisha yangu. Ya kwanza nimeiharibu kabisa, nyeusi mpaka ukingoni. Claudine akanionyesha: polepole, Nyogokuru, fuata jani. Nikafuata jani. Tumefanya arobaini zote. Wino ulipopungua tuliongeza maji. Mwalimu alitoka nje. Aliporudi hakutukataza.

Kurudi nyumbani tulitembea haraka. Tulifika kidogo tu kabla ya kuvrefe, saa ya kila mutu kuwa ndani, tukafunga mulango.

Jumamosi, 22 Mei

Maonyesho yamefunguliwa. Nimekwenda na Perpetua. Ndiyo, amekuja. Alisema anataka kuona kitu kilichomupotezea ingata nzuri.

Mulangoni ng'ombe. Kwenye kadi ng'ombe, amechorwa kwa mukono. Ng'ombe mwenye pembe za duara kama sarafu. Kijana amejitahidi, siwezi kusema uongo, lakini miguu ni ya mbuzi.

Za Claudine hazikubandikwa njiani, wameziweka ukuta wa ndani, karibu na ndoo za kunawia. Jina lake haliko popote. Mabwana wa suti walipita, wakatazama, wakapita. Mwenye kiwanda naye alipita. Mumoja aliuliza, hii ni nini, gurudumu? Nilitaka kumujibu, Perpetua akanibana kiwiko.

Halafu mama mumoja, simujui, ananukia samaki wa ndagala, sijui nani alimuruhusu kuingia na kikapu. Alisimama hapo. Alitazama duara ile nyeusi, tupu, isiyo na kitu. Muda murefu. Akagusa kichwa chake, kwenye ingata, kwa kidole kimoja. Akacheka kwa pua. Akatazama huku na huku kama aliyeiba. Akaondoka haraka.

Claudine alimuona. Mi nilimuona Claudine akimuona.

Jumatatu, 24 Mei

Tumepita kona. Walikuwepo. Walitushusha mizigo, wakatazama walipozoea kutazama. Tukapita.

Kazi ya kiwandani wamempa yule kijana. Claudine ameniambia akiwa anachambua muchele, bila kulia. Nilitaka kumuomba musamaha. Sijawahi kumuomba mutoto musamaha, sijui neno hilo linaanzia wapi.

Wino haujamutoka kwenye kucha. Nimechukua majivu na kipande cha ndimu, nimeshika mikono yake, nimeisugua kidole kimoja kimoja. Nimemuambia msichana mukubwa hatembei na kucha hizi. Bado nyeusi kidogo.

Hakuitoa mikono.