Panga na Fimbo ya Gofu Huku Rongo

Baba, goti linaendeleaje? Huku Rongo mvua imetoka kunyesha, udongo unanukia. Nilikuwa nikipiga gofu kwenye uwanja wa shule, na kila mpira ulipinda kulia ukaingia kwenye miwa.

Mama mmoja aliyekuwa akikata miwa kwa panga akatoka na mipira yangu minne ndani ya leso. "Nyathina, mwanangu," akacheka, "uso wa hiyo fimbo unaangalia kando. Panga ukilishika hivyo, linateleza." Akanigeuza mkono wa kushoto kidogo tu. Baba! Mpira uliruka umenyooka hadi ng'ambo ya uwanja, nikabaki mdomo wazi. Ndipo akauliza mchezo huo unaitwaje.

Ni yale yale uliyoniambia kuhusu mkono wa kushoto miaka yote nikikubishia. Pona upesi, tucheze. Sitabisha tena.

Binti yako,
Atieno