Mstari Nyuma ya Mwinyi

Mjukuu wangu Rehema,

Wasalimie wazazi wako, kisha shangazi zako, kisha wadogo zako, na uwasomee wote barua hii. Bibi hajambo.

Umeuliza kwa nini simtaji niliyempigia kura. Enzi za Mwingereza, maseremala wa karakana yetu ya Keko tulichagua msemaji kwa kujipanga nyuma ya mgombea, msimamizi wa kazi akitazama. Nilisimama nyuma ya rafiki yangu Mwinyi. Msimamizi alipoanza kuandika majina yetu, nilikuwa wa kwanza kuhamia nyuma ya mgombea aliyemtaka yeye. Wenzangu wakanifuata.

"Vipi, ndugu yangu, huko kuna kivuli?" Mwinyi aliniuliza, akijaribu kucheka.

Kesho yake alifukuzwa, na hakuna karakana iliyompokea tena.

Basi naagiza: siku ya kura, nyumbani kwetu mtu asimuulize mwenzake amemchagua nani.

Babu yako