Gari Lilikuwa Zima, Nekesa

Nekesa,

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimekusamehe. Sijakusamehe, na najua wewe ulikufa hujanisamehe, kwa hivyo tuko sawa. Nimekaa mezani hapa nyumbani Kinoo, mvua inapiga mabati, na nimeamua kuyasema yote mara moja. Kesho nina jambo la kufanya, na nikiendelea kubeba haya tumboni sitalifanya.

Kwanza habari. Kaka yako, Mwalimu Barasa, amehama ile fleti mliyokuwa mkiishi Kileleshwa. Anasema ngazi zinamuumiza magoti, lakini mimi najua anakikimbia chumba chako. Ile hoteli yetu ya chai kule River Road imefungwa, sasa wanauza simu za mkononi. Ndiyo, simu! Zilitufukuza kazini, sasa zimetufukuza hata kwenye chai. Ungecheka kile kicheko chako kibaya mpaka watu wageuke.

Miaka kumi na tisa tulikaa bega kwa bega kwenye ubao wa simu wa ile kampuni ya bima, tukiwaunganisha wakubwa na Nakuru, Eldoret, Malaba, Lodwar, miji ambayo mimi na wewe hatukuwa na haja nayo ila kuipigia. Wewe angalau ulikuwa unapita ukienda kwenu Kimilili wakati wa Krismasi, umesinzia ndani ya basi. Mimi sikuwa nimevuka Naivasha. Tulijua sauti tu. Yule baba wa Nakuru aliyekohoa kabla ya kusema halo. Yule mama wa Lodwar aliyesema "subiri kidogo," halafu tunamsikia akikoroga chai yake bila haraka. Siku walipotupa barua za kutuachisha kazi mimi nililia chooni kama mtoto. Wewe uliipasua yako katikati ukasema, "Wangui, sasa twende tukawaone sura."

Ndipo tukaanza kupanga. Kila Jumamosi, ramani tuliyoichomoa kwenye atlasi ya shule ya Kamau wangu, chai mbili na mandazi. Masharti yalikuwa yako, na ulikuwa mkali nayo kuliko askari jela. Hakuna kuondoka mahali kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna kupita mwendo wa sitini. Jua likizama, tulale hapo hapo lilipotukuta. Naivasha tule samaki. Molo tule kondoo, na tusiulizwe tunakwenda wapi. Timboroa tusimame tu, tuhisi baridi. Malaba tuguse mpaka kwa kidole, tugeuze, tupande Kitale na kuteremka mpaka Lodwar kwa yule mama wa chai. Mwezi mzima. Gari lilikuwepo, lile la kijani alilotuachia Baba Kamau, Mungu amlaze pema. Tulichokosa ni kuondoka tu, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa na sababu. Mara mahindi, mara karo, mara harusi ya jirani. Wee, nilikuwa fundi wa sababu.

Halafu ukaanza kukonda.

Unajua jinsi watu wetu walivyo. Daktari alikuita wewe na kaka yako, wewe akakutoa nje ukangoje kwenye benchi, akabaki na Mwalimu. Kansa, na imeshaenea. Wewe ukaambiwa ni vidonda vya tumbo, acha pilipili. Mwalimu Barasa alinivizia pale kwenye ngazi za fleti nikija kukuona, akanishika mkono kwa nguvu. "Mama Kamau, asijue. Akijua atakufa kwa mawazo. Ukimwambia, damu yake ni juu yako." Nikasema sawa. Nikaingia ndani nikakuta umetandaza ramani kitandani. Ukasema, "Aprili. Nikimaliza hizi dawa za tumbo, Aprili tunaondoka. Usinipe sababu."

Na Aprili ulikuwa na nguvu, Nekesa! Hili ndilo linalonitafuna. Ulikuwa unatembea kwa miguu mpaka soko la Westlands na kurudi na mboga zako. Tungefika. Labda si Lodwar, lakini Molo tungefika, na Timboroa tungefika. Ungekula kondoo wako.

Nilikwambia gari limeharibika giaboksi. Nikasema liko kwa fundi, Kirinyaga Road, linangoja spea. Juma la kwanza spea haijafika. La pili imefika, siyo yenyewe. La tatu fundi kafiwa na mama yake. Nilimuua mama mzazi wa fundi ambaye hajawahi kuwepo, ili nisikupeleke wewe Naivasha. Na gari lilikuwa hapa, nyuma ya nyumba, nimelifunika turubai, kuku wanataga juu yake. Zima. Kila asubuhi nililiwasha kidogo betri isife.

Watu wananiambia nilimtii kaka yako. Mwongo ni mimi. Mwalimu alinikataza kusema, hakunikataza kusafiri. Niliogopa. Nilijiona niko barabarani Gilgil, peke yangu, na wewe umekufa hapo kando yangu, mdomo wazi, sijui nishike usukani au nikushike wewe. Basi. Nilikuogopa, Nekesa. Nilikuwa nakula mandazi yako na kuchora mistari kwenye ramani, na huku nakuhesabu kama maiti.

Ukaja Jumatano ile bila kupiga simu. Umeshuka pale stejini, ukapanda kile kilima polepole, na mkononi una mto. Ulikuwa umeushona mwenyewe, kitambaa cha maua, kwa sababu kukaa kulikuwa kunakuuma, na ulitaka kuupima kwenye kiti cha gari litakapotoka kwa fundi. Mimi nilikuwa naanua nguo. Nilipozunguka nyumba na beseni langu nikaona turubai iko chini, na wewe umekaa ndani ya gari, kiti cha abiria, umefunga mlango, mto uko chini yako.

Hukunipigia kelele. Laiti ungenipigia kelele. Uliniambia tu, "Liwashe." Nikaweka beseni chini, nikaingia, nikaliwasha, na likawaka mara moja, lile gari la kishenzi, halikukohoa hata kidogo. Ukasikiliza kama ulivyokuwa ukisikiliza laini mbovu, kichwa umekiinamisha. Kisha ukaniangalia, ukasema, "Mama Kamau, gari lako limepona kabla yangu." Miaka yote hiyo uliniita Wangui. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kuniita Mama Kamau, kama mtu wa kanisani. Ukashuka, ukauacha mto, ukateremka kilima. Nilikufuata mpaka barabarani na hukugeuka.

Nilijua umejua. Si habari ya gari tu. Mtu hafichwi gari kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Nikakupigia. Mwalimu anasema umelala. Nikapiga tena, unaoga. Nikapiga tena, umelala. Wewe, uliyekuwa hukati laini ya mtu hata akikutukana! Siku ishirini na tatu, mpaka ukafa. Nilikuja Kileleshwa mara nne, na mara nne nilisimama kwenye mlango ule nikisikia redio chumbani mwako ikipunguzwa sauti. Ulikuwa unanisikiliza nikisimama. Huo ulikuwa ukatili, dada yangu, wacha nikwambie. Mtu anayekufa ana haki nyingi lakini hiyo sikupi.

Na bado ulikuwa hujamaliza na mimi.

Kamati ya mazishi ilikutana mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, na Mwalimu akasimama na karatasi kusoma mipango. Magari haya, watu hawa. Akafika kwangu akakohoa. "Marehemu aliacha neno. Mama Kamau aje na gari lake, nyuma ya gari la maiti. Peke yake. Asibebe mtu." Ukumbi mzima ukaniangalia. Unajua vile watu hugombania viti msafara ukienda mashambani. Kuna wamama wazee walipangwa kwenye basi wakiwa wamesimama, na mimi nina viti vitupu. "Huyu mama amebeba hewa," nilisikia mmoja akisema.

Tuliondoka alfajiri. Si saa nne. Dereva wa lile gari lako alikuwa kijana mwenye haraka zake, na masharti ya kamati ni kwamba msafara haukatiki. Mia na kumi, Nekesa! Naivasha tuliipita kama tumeiba. Gilgil sikuiona. Nakuru nilitafuta jengo la yule baba wa kukohoa, nikapigiwa honi nyuma. Njia ya Molo ikapita mkono wa kushoto. Kusimama tulisimama mara moja, Salgaa, mafuta, na nilimwomba kijana tusimame kidogo tu Timboroa, dakika moja. Akasema, "Mathe, maiti haingoji." Timboroa ilikuwa na ukungu. Nilikuwa naona taa zako nyekundu tu, na nikaanza kukupigia kelele ndani ya gari, maneno ambayo siwezi kuyaandika, matusi ya Kikuyu niliyoyasikia kwa nyanya yangu. Kisha nikalia mpaka Eldoret.

Kwenu Kimilili walinipokea vizuri, walinipa kiti, walinipa kuku. Nikatupa udongo. Kesho yake nikarudi bila kusimama popote, na tangu hapo gari sijaligusa.

Nimekaa miezi saba nikijiuliza ulitaka nini. Kunichapa? Au ulitaka twende, hata hivyo, mimi na wewe, bila mtu mwingine kati yetu? Mwalimu hajui. Nimemuuliza mara mbili. Sitajua, na nadhani uliyapanga hivyo, kwa sababu ulikuwa unajua kupanga.

Sasa sikiliza jambo la kesho. Dada yangu Wairimu, yule wa Muthangari uliyesema anavaa kama mke wa waziri, anaumwa. Kansa. Watoto wake wameambiwa, yeye hajaambiwa. Nduta wake alinijia hapa na machozi, "Aunty, tafadhali, mum asijue." Nikasema sawa, ule mdomo wangu mrahisi. Majuma matatu nimesema sawa. Jumapili Wairimu ameniuliza, "Wangui, kuna binti yangu yule wa Uingereza, sijamwona miaka sita. Niende sasa ama ningoje nipone kwanza?" Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ngoja kwanza." Nilijisikia nikilisema. Nikaenda jikoni nikashika sinki.

Sifanyi hivi kwa wema, usinisifu. Nduta hatanisalimia tena, na wale wavulana wa Wairimu watanifungia geti. Ninafanya kwa sababu siwezi tena kuvumilia mtu kuniangalia vile ulivyoniangalia.

Lala, Nekesa. Siombi uniombee, wala sisemi tutaonana. Nakuahidi hili moja: kesho asubuhi nitaketi mbele ya dada yangu, nimwambie, "Una kansa, watoto wako wanajua, na mimi najua, nenda ukamwone mtoto." Halafu nitakaa hapo hapo anitukane mpaka achoke. Wewe sikukuachia hata nafasi hiyo.

Wangui